UZI: Mwalimu wa Kaimosi aliyerudi kutoka Burma akakataa kushika kiboko

Mkaza Mwana wa Tiriki (mwanzisha uzi)

Hamjambo wote. Nimeufuatilia mjadala wa kurudisha kiboko shuleni, ule unaofufuka kila mara mabweni yanapochomwa, na kuna hoja moja iliyorudiwa na wengi: kwamba walimu wa zamani walichapa, na ndiyo sababu watu wa enzi zile wana adabu. Mimi nimeolewa katika boma la mwalimu wa zamani. Alifundisha shule za msingi za mashambani huku Kaimosi na viunga vyake tangu Vita vya Pili vya Dunia vilipokwisha hadi akastaafu, na hakuchapa mtoto. Msimamo huo ulimgharimu. Ndiyo maana nataka kuandika habari zake kwa urefu, maana naona kizazi chake chote kinatiwa kapu moja.

Jina lake sitalitaja, wala la shule. Boma ni kubwa na si wote wanaopenda mambo ya mtandaoni. Nitamwita Mwalimu, kama alivyoitwa na kila mtu, mkewe akiwemo.

Kwanza mjue nilivyoyapata haya. Kwa mila zetu mkaza mwana na baba mkwe wana mipaka yao. Hampeani mikono, hamketi karibu, mkikutana njiani unampisha. Mwalimu alikuwa Mkristo aliyeacha mila nyingi, lakini hii aliiheshimu kwa sababu ilikuwa heshima yangu pia. Basi macho yake yalipoingia mtoto wa jicho, akawa hawezi kusoma gazeti, na wajukuu wako shule mchana kutwa, akatuma neno kupitia mama mkwe: je, ningeweza kumsomea? Tukapatana hivi: yeye akae sebuleni kiti kikitazama dirisha, mimi nikae kwenye kigoda mlangoni mwa jikoni, nisome kwa sauti. Hatukutazamana. Miaka ile niliyomsomea ndiyo nilimjua, kwa kuwa kila habari ilimkumbusha nyingine, na yeye akishaanza kusimulia hakuna aliyemkatiza.

Naendelea hapa chini, mnivumilie.

Mkaza Mwana wa Tiriki

Wasioijua Kaimosi: iko mpakani mwa Vihiga na Nandi, ukingoni mwa msitu. Mwaka 1902 walifika hapo Wamarekani watatu, Willis Hotchkiss, Arthur Chilson na Edgar Hole, wakaanzisha misheni ya Friends, yaani Waquaker. Haikuwa misheni ya mahubiri matupu. Walijenga kinu cha kupasulia mbao kwa nguvu za maji, wakafundisha useremala na ufyatuaji matofali, kisha shule na hospitali. Baba yake Mwalimu alibeba magogo kwenye kinu hicho, na mshahara wake wa kwanza wa maana ulikuwa kwamba mwanawe alikubaliwa darasani.

Jambo la kukumbuka kuhusu Friends ni kwamba hawapigani. Tangu karne ya 17 huko Uingereza wamekataa vita. Walimwandikia Mfalme Charles II tamko la namna hiyo mwaka 1660. Leo hakuna nchi duniani yenye Friends wengi kama Kenya, na chimbuko lao ni kilima hiki chetu. Kwa hiyo Mwalimu alikua akisikia kila Jumapili kwamba anayeshika upanga atakufa kwa upanga. Alipokuwa kijana alikuwa tayari akifundisha watoto wadogo kwenye kanisa la udongo lililogeuzwa darasa siku za kazi. Magogo ndiyo madawati, makaa ndiyo chaki.

Halafu vita vikaja na chifu akadaiwa watu. Kaka yake mkubwa aliandikwa. Kaka huyo alikuwa na mke na watoto wadogo, mmoja ananyonya bado. Mwalimu, ambaye alikuwa hajaoa, akaenda mwenyewe kwa chifu na kusema, "Niandike mimi, huyu mwache na watoto wake." Nilimuuliza kama wazee wa kanisa walimkataza. Alisema walimwombea usiku kucha, na kwamba wao wenyewe hawakujua la kumwambia, kwa maana aliyekuwa akienda vitani alikuwa akienda kwa ajili ya nduguye.

Alitembea hadi Kisumu, akapanda treni.

Mwana Chavakali

Mama, endelea. Hiyo ya kumkomboa kaka nimewahi kuisikia kwa familia nyingine huku Maragoli. Kuna waliokwenda kwa zamu kabisa.

Mkaza Mwana wa Tiriki

Asante. Kwa kuwa alijua kusoma alitiwa kikosi cha mawasiliano: simu za waya na ishara. Akawa chini ya Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, ile yenye alama ya kifaru begani. Mwaka 1943 walikuwa Ceylon, Sri Lanka ya leo, wakifanya mazoezi ya msituni, na mwaka 1944 wakapelekwa Burma, Myanmar ya leo.

Wengi wetu tukisikia KAR (King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waafrika) tunafikiria gwaride. Yeye alikumbuka matope. Kuanzia Agosti 1944 divisheni ilishuka bonde la Kabaw katikati ya masika ya huko, mvua ambayo alisema ya Kakamega ni manyunyu mbele yake. Barabara zilizama, wakazitandika magogo. Chakula kilidondoshwa na ndege kwa miavuli, na siku ndege isipoona mwanya kwenye mawingu, mlilala njaa. Malaria na homa ya papasi wa vichakani viliangusha watu kuliko risasi. Kila siku mlisimama mstari mkameza kidonge cha manjano mbele ya sajini mpaka ngozi ikageuka rangi. Mwanzoni mwa Desemba wakaingia Kalewa, kwenye mto Chindwin, na hapo wahandisi wa jeshi wakatandaza daraja la chuma lililokuwa refu kupita yote ya aina yake wakati huo. Mwalimu alilizungumzia daraja lile kuliko mapigano. Alitaka watoto wajue kwamba barabara iliyofika kwenye daraja hilo ilifunguliwa na watu wa Machakos, Nyasaland (Malawi ya leo), Songea, Kisumu.

Kama aliua, sijui, na sikumuuliza. Kulikuwa na mlango kati yetu, na hata usingekuwepo nisingeuliza.

Dala Kisumu

Dada, umenigusa mahali. Babu yangu mzaa baba alikuwa jeshi la mizinga. Hakufika hata huko Burma. Alikuwa kwenye meli ya Khedive Ismail iliyotoka Mombasa kwenda Colombo, ikapigwa na nyambizi ya Wajapani tarehe 12 Februari 1944, karibu na visiwa vya Maldives. Ilizama kwa dakika chache sana. Walikufa zaidi ya watu 1,200, wengi wao askari wa Afrika Mashariki, na wauguzi wanawake pia walikuwemo. Huku nyumbani, kwa desturi yetu Waluo, tulizika tunda la yago mahali pa mwili. Nyanya alilitunza kaburi hilo mpaka naye akafa.

Nawaambia wenzangu wenye hadithi kama hii: nendeni makaburi ya vita ya Nairobi, Ngong Road. Kuna Ukumbusho wa Afrika Mashariki, na waliozama na meli hiyo wanakumbukwa hapo. Mimi nilimpeleka baba yangu akiwa mzee tayari. Tulikaa mpaka mlinzi akaja kutuuliza kama tuko salama.

Mkaza Mwana wa Tiriki

Pole sana, ndugu yangu. Mwalimu aliijua habari ya meli hiyo. Alisema Ceylon walikatazwa kuisema, lakini kila mtu alijua kwa sababu kuna vitanda vilivyokuwa vimetandikwa na havikupata watu.

Sasa nifike kwenye kiboko.

Mwaka 2001 nilikuwa nikimsomea gazeti, habari kwamba serikali imefuta zile kanuni za nidhamu za mwaka 1972 zilizoruhusu mwalimu kuchapa. Nikaisoma, nikapita habari nyingine. Akasema, "Mama, rudi nyuma. Soma tena." Nikasoma tena. Akanyamaza muda mrefu, halafu akanisimulia jambo ambalo mume wangu, mwanawe wa kumzaa, alikuwa hajawahi kulisikia.

Jeshi la Uingereza liliacha kuchapa askari wake viboko mwaka 1881. Askari Mwafrika wa KAR bado alichapwa katika vita hivyo vya miaka ya 1940. Mbele ya wenzake, kwa hesabu, na afisa amesimama. Kambini Ceylon Mwalimu alikuwa na rafiki, mtu wa makamo aliyeacha mke kijijini. Mke aliandikiwa barua na mtoto wa jirani, na rafiki huyu kila ikifika barua alimletea Mwalimu amsomee. Aliona haya, maana kuna maneno ya mke ambayo mwanamume hapendi yapite midomoni mwa mtu mwingine. Akaomba afundishwe. Jioni, kazi ikiisha, Mwalimu akamfundisha kwa kuchora herufi mchangani kwa kijiti. Mtu mzima, mikono ya jembe. Ilimchukua muda lakini alifika mahali pa kuliandika jina la mkewe na kulisoma.

Kisha usiku mmoja akashikwa na usingizi kwenye lindo. Alikuwa na homa. Akahukumiwa viboko, na kikosi kizima kikapangwa kitazame.

Mwalimu alisema, "Jioni ile nilimngoja na kijiti changu. Hakuja. Kesho yake hakuja. Nikamfuata. Akaniambia, mwalimu, mtu anayechapwa kama punda atasoma ili iweje?" Hakurudi kwenye herufi tena. Mwalimu akaendelea kumsomea barua zake mpaka bonde la Kabaw, na huko homa ikamchukua. Barua ya mwisho ilifika mwenyewe hayupo.

Nilikuwa na gazeti mkononi na sikuweza kusoma tena siku hiyo.

Bonde la Yala

Nimesoma nikasimama. Lakini nina swali la kweli, si la kubishana. Biblia yenyewe, Mithali 13:24, yasema asiyetumia fimbo yake humchukia mwanawe. Na wahenga wamesema samaki mkunje angali mbichi. Mimi nilichapwa na ninashukuru. Nisingekuwa hapa. Mzee huyu akiwa Mkristo alilijibuje andiko hilo?

Mkaza Mwana wa Tiriki

Swali zuri, na aliulizwa hilo maisha yake yote, mara nyingi na wazee wa kanisa lake mwenyewe.

Hakulikataa andiko. Alilijibu kwa andiko jingine, Waefeso 6:4: "Nanyi, akina baba, msiwachokoze watoto wenu, bali waleeni katika adabu na maonyo ya Bwana." Kisha angeuliza, "Katika Injili zote, nionyesheni mtoto mmoja aliyepigwa na Yesu." Na ukimwambia mimi nilichapwa nikafaulu, angekujibu kwamba waliochapwa wakakimbia hawapo mkutanoni wakupe ushuhuda wao. Hilo la mwisho ndilo naliona zito. Sisi tuliobaki shuleni ndio tunaohesabiwa. Waliotoroka wakaenda kuchunga ng'ombe za watu Nandi hawaandiki kwenye majukwaa.

Aliporudi, mwaka 1946, alisimama kanisani mbele ya mkutano na kusema amebeba bunduki, ametumikia vita, anaomba apokewe. Wakampokea. Mwaka huohuo ndio Mkutano wa Mwaka wa Friends wa Afrika Mashariki ulianzishwa, na vijana wenye elimu walihitajika kila mahali. Akaahidi mbele yao kwamba hatainua mkono juu ya mtu tena, mkubwa wala mdogo. Nadhani walidhani anazungumzia vita tu. Walipogundua kwamba ahadi hiyo inaingia darasani, ndipo matatizo yakaanza.

Koti lake la jeshi lilikatwa likawa mifuko ya vitabu. Viatu alivivaa kwenda shule mpaka soli zikaisha.

Mwalimu Mstaafu

Mimi nilianza kazi nikiwa na cheti cha T4, cheti cha ualimu cha ngazi ya chini, nikajiendeleza. Nawathibitishia: mwalimu asiyechapa alionekana dhaifu. Wazazi ndio waliokuwa wakali kuliko sisi. Naomba kujua, aliwezaje darasa kubwa? Baada ya amri ya Mzee Kenyatta ya kufuta karo ya darasa la kwanza hadi la nne, Januari 1974 tulifurika. Darasa la kwanza nchi nzima lilitoka wanafunzi wasiofika 400,000 hadi zaidi ya 900,000 kwa mwaka mmoja. Mimi nilikuwa na watoto wamekaa mpaka miguuni pangu. Bila kiboko ningeweza vipi?

Mkaza Mwana wa Tiriki

Shikamoo Mwalimu. Nakushukuru kwa swali kwa sababu hapa ndipo ninapopapenda.

Alichota kwenye jeshi lilelile lililomuumiza. Kikosi cha mawasiliano kilimfunza kwamba ukipiga kelele kwenye simu ujumbe unapotea. Basi hakupaza sauti. Aliligawa darasa vikundi vidogo, kila kimoja na kiongozi, na kiongozi hubadilishwa kila wiki ili hata mtoto mtundu apate zamu ya kuongoza. Alizungumza na viongozi tu, kwa sauti ya chini, nao wakapeleka neno kwa wenzao. Wanafunzi wake wa zamani wanaokuja nyumbani bado wanaigiza: darasa zima linanyamaza ili lisikie Mwalimu anamnong'oneza nini kiongozi.

Aliyechelewa alimwagilia miti. Miparachichi na mikaratusi yote unayoiona nyuma ya shule ile imelelewa na wachelewaji.

Mtoro alifuatwa nyumbani, jioni ileile, Mwalimu na taa yake ya kandili. Si kwa kushtaki. Alikaa, akanywa chai, akauliza habari za ng'ombe na mahindi, na mara nyingi sababu ya utoro ilijitokeza yenyewe: mama mgonjwa, mtoto anashika mdogo wake mgongoni, au hakuna chakula, au binti amekua na hana sidiria na wenzake wanamcheka. Haya hayatibiwi na fimbo. La mwisho hilo alimwachia mkewe, na mama mkwe alilimaliza kimyakimya kwa cherehani yake.

Kuna baba aliyemleta mwanawe amemfunga kamba mikono, na fimbo amebeba mwenyewe. Akasema mbele ya shule nzima, "Mwalimu, huyu ameiba kuku. Ukishindwa kumchapa nitajua umeshindwa kazi." Mwalimu akaipokea fimbo, akamshukuru, akaipanda kwenye kitalu cha maharage kama mti wa kuegemeza. Akamfungua kijana kamba, akamwambia kuanzia leo wewe ndiye mwenye kuhesabu mayai ya kuku wa shule. Baba aliondoka kwa hasira na kwa muda mrefu hawakusalimiana.

Sitaki mdhani kila mmoja alinyooka. Kuna kijana aliyekuwa na akili kuliko wote, ambaye alikabidhiwa hela za mtihani za wenzake kwa sababu Mwalimu alimwamini, akatoroka nazo Kisumu. Hakurudi. Mwalimu akalipa kutoka mfukoni mwake, na mshahara wenyewe mnaujua. Wenzake wakamwambia, "Umeona sasa?" Alimtaja kijana huyo katika sala za jioni, kwa jina, mpaka uzeeni. Alimwombea mahali pa kulala.

Na aliumizwa kazini. Kwa muda mrefu hakupandishwa kuwa mwalimu mkuu. Mkaguzi mmoja aliandika kwamba hana mkono wa kuongoza. Karatasi hiyo aliitunza, nimeiona kwa macho yangu.

Binti Yala

Naomba tusikie kuhusu mkewe na watoto. Wanaume wengi ni wema shuleni, nyumbani ni simba.

Mkaza Mwana wa Tiriki

Binti Yala, hilo ndilo nililokuwa nikilichunguza hata mimi nilipoolewa.

Mama mkwe hakuwa na msimamo wa mumewe. Mwiko wake wa ugali uliwajua watoto wote wa boma, na walipokimbilia kwa baba yao yeye aliwaambia warudi wakamwombe mama msamaha kwanza. Hawakugombana kwa hilo mbele ya watoto. Alichosema Mwalimu ni kwamba ahadi ilikuwa yake, hakumwapisha mkewe.

Lakini alifanya mambo. Wenzangu wa Magharibi mnajua kwamba zamani mwanamke hakula kuku. Alimfuga, akamkamata, akamnyonyoa, akampika, kisha wanaume wakala. Na imondo, firigisi, ilikuwa ya mwenye boma peke yake, mpaka leo kuna nyumba zinazovunjika kwa ajili ya imondo. Mwalimu, siku ya kwanza ya ndoa yake, alimkatia mkewe paja la kuku mbele ya wazee. Na imondo aliikata vipande vidogo, kila mtoto akapata, wasichana kwanza. Mama mkwe aliniambia kwamba hakuweza kumeza siku ile, alilia akiwa na nyama mdomoni. Kuna mashangazi walioacha kuja nyumba hiyo kwa sababu ya kuku.

Walikula meza moja, baba, mama na watoto, jambo ambalo wanaume wa rika lake waliliona la ajabu. Mkewe alipokuwa mjamzito, Mwalimu ndiye aliyeenda mtoni, na mtungi. Alipita njia kuu mchana, hakujificha.

Karo ya binti na ya kijana ililipwa sawa. Chini ya mpango wa Beecher wa mwaka 1949, wakati wa ukoloni, mtoto alisoma miaka minne ya kwanza, kisha mtihani ukawakata wengi. Wasichana waliobaki baada ya hapo walikuwa wachache mno. Mwalimu aliuza ng'ombe wake wa pekee ili binti yake wa kwanza avuke darasa la nne. Watu walimcheka kwamba anauza mahari ya wavulana. Binti huyo alikuja kuwa muuguzi, na ndiye aliyempeleka kufanyiwa upasuaji wa macho.

Sala ya familia ilikuwa kila jioni, fupi. Alisoma mistari michache, akamwacha mtoto mmoja aseme ameelewa nini, halafu tukanyamaza kidogo, halafu kila mtu akalale. Hakupenda maombi marefu. Alisema watoto wamefanya kazi.

Mwana Chavakali

Alilipwa chochote na Waingereza?

Mkaza Mwana wa Tiriki

Kiinua mgongo kidogo alipoachishwa jeshi, akanunua mabati na baiskeli. Nyaraka zilizotolewa hadharani mwaka 2019 zilionyesha kwamba askari Waafrika walipewa kama theluthi moja tu ya kile alichopewa Mzungu wa cheo kilekile. Na baada ya vita, Wazungu waliotoka jeshini ndio waliotengewa mashamba katika nyanda za juu. Askari wetu walirudi kwenye vipande vyao vya Vihiga, ambavyo mnajua vilivyo vidogo. Niliposikia habari hizo Mwalimu alikuwa ameshafariki. Mume wangu alikasirika sana, na mimi pia. Bado nimekasirika. Lakini Mwalimu mwenyewe, akiwa hai, kilichomuuma zaidi hakikuwa pesa. Kilikuwa ni rafiki yake aliyeacha kusoma.

Bonde la Yala

Nimekuelewa, Mama. Sijabadilisha msimamo wote, ila hoja ya waliokimbia nitalala nayo.

Nakuru Mjini

Hongera kwa uzi. Babu yangu yuko hai, ana zaidi ya miaka tisini. Aliingia jeshini miaka ya 1950, baadaye akafundisha shule ya msingi upande wa Njoro. Kila nikimuuliza habari za jeshi ananyamaza, au anabadilisha mada kuwa mvua. Nianzie wapi? Sitaki aondoke nazo.

Mkaza Mwana wa Tiriki

Usimuulize vita. Muulize barua: nani alimwandikia, na nani alimsomea. Muulize chakula, viatu, mtu aliyelala kitanda cha pili yake alitoka wapi. Mwalimu hakunijibu hata siku moja swali kubwa, lakini niliposoma habari ya mafuriko ya Budalang'i nikamuuliza kama Burma mito ilifurika hivyo, alizungumza mpaka jioni.

Usikae mbele yake ukimtazama machoni kama polisi. Mpe kazi mkononi, amenye mahindi au apange picha. Kama ana mjukuu mdogo anayejifunza kusoma, mlete amsomee yeye, kwa sababu mwalimu hawezi kunyamaza mtoto akikosea neno, na akishafungua mdomo hapo, wewe subiri tu. Rekodi kwa simu, ila mwombe ruhusa kwanza na umwambie ni ya nani.

Kisha tafuta cheti chake cha kuachishwa jeshi. Mara nyingi kiko kwenye sanduku la bati chini ya kitanda, pamoja na risiti za kodi na kadi za kliniki za watoto. Namba yake ya jeshi iko humo, na bila namba hiyo huwezi kuwaandikia watu wa kumbukumbu wakakusaidia. Kipige picha pande zote mbili kwenye mwanga wa jua, utume nakala kwa angalau ndugu wawili, kwa sababu karatasi za miaka ile zinavunjika kwenye mikunjo. Na ukikuta daftari lolote la shule humo, hata kama ni majina ya wanafunzi tu, usiliache. Majina hayo yana watu, na baadhi yao wako hapa jukwaani.

Nakuru Mjini

Nitasafiri wikendi hii. Sanduku la bati lipo, nalijua, ufunguo anao shosho. Nikirudi nitaandika hapahapa.